Nguruzi ya Kihori

Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hukutana na neno nguruzi kamusini, liko pamoja na ngama, henza na upo, maneno ya ubaharia ambayo hukaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa jioni yake. Nguruzi ni kizibo cha tundu lililo chini ya chombo, tundu ambalo maji yaliyoingia hutolewa kwalo. Ni kizibo tu. Lakini wako watu ambao uhai wao umekitegemea.

Mwenye mashua ya tanga ya safari ndefu hawezi kuishi bila kihori. Mashua yake ina mkuku uendao chini sana, haifiki ufuoni. Hutia nanga mbali, na kila kitu, maji ya kunywa, unga, hata mgonjwa, hupita kihorini. Safari ikianza, kihori hicho hicho hugeuka mzigo. Kikivutwa nyuma kwa kamba, bahari ikichafuka hujaa maji na kamba hukatika. Kikipandishwa sitahani, nafasi haipo: mlingoti uko hapa, kamba za tanga ziko pale, omo kuna nanga.

Nahodha Joshua Slocum, mzaliwa wa Nova Scotia nchini Kanada, alilitatua tatizo hilo kwa msumeno. Mwaka 1895, akijiandaa katika bandari ya Gloucester, Marekani, kwa safari ambayo ingemfanya mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake, alipata kihori cha wavuvi kilichotupwa, cha aina iitwayo dori. Alikikata katikati, akauziba kwa mbao upande uliokatwa. Nusu hiyo ilienea sitahani mwa Spray, mashua yake ya mita 11 hivi, na aliweza kuipandisha peke yake kwa henza. Aliitumia pia kufulia nguo na kuogea, matumizi ambayo wajenzi wa dori hawakuyafikiria.

Nusu ya kihori, hata hivyo, hubeba nusu ya mzigo. Desemba mwaka huo huo, Spray ilipopanda mchanga katika pwani ya Uruguay, Slocum alilazimika kuipeleka nanga kubwa kilindini kwa kihori hicho. Mara ya kwanza kilizama mawimbini kwa uzito. Akaikata amari ili aibebe kwa awamu mbili, akatoka na nanga na pima 40 za amari. Kihori kilivuja, alipofika mahali pa kuitosa nanga, maji yalikuwa yamefika ukingoni. Aliinyanyua nanga juu ya kichwa, akaitupa, na papo hapo kihori kikapinduka. Ndipo alipokumbuka kuwa hajui kuogelea. Alijaribu kukigeuza mara kadhaa, kila mara kikibiringika naye, mpaka kilipotulia akaingia, akarudi ufuoni kwa kasia moja.

Wavuvi wa Gloucester waliijua hatari hiyo vyema. Dori zao zilipangwa sitahani moja ndani ya nyingine kama bakuli, viti vikiwa vimeng'olewa, na kila moja ilikuwa na nguruzi ya kutolea maji. Kwa upande wa nje, chini ya dori, nguruzi hiyo ilikuwa na kitanzi cha kamba. Dori ikipinduka, tumbo lake huwa juu, nalo ni laini, halishikiki. Mvuvi aliyetupwa majini alikishika kitanzi hicho. Kifaa cha kumwaga maji ndicho kilichomzuia mtu asizame!

Mambo hayo si ya mbali wala ya kale tu. Mashua za matanga za wasafiri wa dunia hutia nanga katika mkono wa bahari wa Kilifi, na siku hizi nyingi huning'iniza tezini kihori cha mpira kwa vyuma viwili. Kikiachwa wazi hukusanya mvua. Chukua kihori chenye sakafu ya mita 2 kwa mita 1: maji yakifika kimo cha sentimita 25 ni lita 500, yaani nusu tani iliyotundikwa kwa kamba mbili. Ndiyo sababu wanaovuka bahari kuu hukifudikiza sitahani na kukifunga barabara, ijapokuwa kukishusha tena ni kazi.

Kanuni ya anayekining'iniza ni fupi: kikipanda, nguruzi itoke, kabla hakijashuka, irudi. Kusahau la kwanza huvunja vyuma, kusahau la pili huzamisha kihori penye watoto na mikoba ya sokoni. Inashangaza kwamba wapo wanaodai Kiswahili hakina msamiati wa vyombo vya kisasa, ilhali kizibo hicho, kiwe cha mti au cha plastiki, pwani ilikwisha kukipa jina zamani. Mwalimu angekileta darasani, kikashikwa, neno hilo lisingesahaulika jioni yake.

Mabaharia wenyewe nao husahau, ila wamebuni hila. Wengine huifunga nguruzi kwa uzi kwenye kiti cha kihori. Wengine huitundika pamoja na ufunguo wa injini, ili asiwepo anayeiwasha kabla ya kuishika mkononi.