Nyanya zako za kwenye ndoo

Ilula, Iringa

Mwanangu Zawadi,

Salamu zako nimezipata pamoja na picha. Huku hatujambo. Mguu wa babu yako umepata nafuu, anateremka mwenyewe hadi bondeni, na matenga ya nyanya yameanza kupangwa barabarani.

Picha nimeitazama vizuri. Miche imestawi, ila kichala cha chini kina nyanya zenye doa jeusi kitakoni, limebonyea na kukakamaa. Unasema jirani amekushauri ununue dawa ya ukungu. Hela yako iweke, mwanangu. Huo si ukungu, na hauambukizi. Ndiyo kuoza kitako, na mara nyingi kisa chake ni maji.

Nimelima nyanya tangu baba yako yuko shule, na hili nimelishuhudia. Mwaka mmoja maji ya mfereji yalipungua, ikabidi tupokezane zamu. Matuta ya juu yaliyopata maji kila mara yalitoa nyanya safi. Yale ya mwisho, leo yanalowa, kisha yanakaa siku kadhaa makavu, vitako vilikuwa vyeusi tupu. Mbegu ile ile ya Tanya, samadi ile ile. Wapo waliopulizia dawa wakala hasara. Zamu zilipokaa sawa, matunda mapya yakatoka mazima.

Tunda linataka kalsiamu, na kalsiamu hupanda na maji kutoka mizizini. Maji yakiwa haba, majani huyavuta kwanza. Kitako, kilicho mwisho wa safari, hukosa. Ndiyo maana udongo unaweza kuwa nayo tele na nyanya ikaoza vilevile.

Sasa nisikilize. Ndoo ya lita 20 kwenye jua la Dar es Salaam hukauka upesi kuliko shamba. Mwagilia kila asubuhi, taratibu, mpaka maji yachuruzike kwenye matundu ya chini. Jioni chomeka kidole hadi pingili ya pili. Pakiwa pakavu, ongeza. Udongo wa juu usiuamini, huo hudanganya. Tandaza nyasi kavu juu yake, lakini zisiguse shina. Ndoo isikae ndani ya beseni lenye maji, kwani mizizi iliyokosa hewa nayo haiwezi kunywa. Na siku ukichelewa kurudi kutoka kazini ukakuta miche imelegea, usiifurikishe kwa mara moja. Tia kidogo, ngoja, kisha ongeza. Nyanya iliyoshinda na kiu ikapewa maji mengi ghafla hupasuka ngozi.

Onja pia maji ya kisima chenu. Yakiwa ya chumvi, kama visima vingi vya huko pwani, nyanya zipe ya bomba au ya mvua, maana chumvi huizuia mizizi kuvuta maji.

Urea acha kabisa. Majani mapana namna ile, yenye kijani kilichokolea, yananiambia mbolea ya kukuzia imezidi, na kila jani linakunyang'anyia maji ya tunda. Kwa kuwa miche imeshaanza kuzaa, nenda duka la pembejeo uulizie kalsiamu naitreti, koroga kijiko kimoja cha chai kwenye lita 5 za maji, umwagilie kila baada ya wiki mbili, udongo ukiwa na unyevu. Usizidishe ukidhani utaharakisha. Mbolea nyingi kwenye ndoo huunguza mizizi. Maganda ya mayai unayokusanya yatie kwenye mboji, yanachelewa mno kuoza kuifaa miche hii ya sasa.

Zilizoharibika zichume leo, zisiendelee kunyonya mche bure. Lile doa likate ulitupe, upande mzima utie kwenye mchuzi. Mdogo wako naye asome barua hii, maana siku ukisafiri ndiye atakayeshika kopo la maji.

Shangazi yako akupendaye,
Mama Neema