Menyu Imehama Tena

Laptopu yangu ni ya mkono wa pili: memori GB 4, diski ile ya zamani inayozunguka. Niliinunua kwa bumu la mwaka wa kwanza na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na mfumo uliokuja nayo.

Kila ukijiapdeti, kitu kinahama. Mipangilio ya printa uliyoizoea inafichwa ndani ya ukurasa mwingine. Ukifungua menyu unakuta michezo ambayo hukuiomba. Ukiwasha hotspoti, bando la GB 1 linayeyuka kabla hujasoma hata barua pepe moja, maana mwenzako kaamua kupakua mambo yake kimyakimya.

Haya yote yanavumilika ukiwa hosteli. Kwenye mazoezi ya kufundisha, yaani, hayavumiliki. Saa kumi na moja alfajiri nawasha nitoe andalio la somo, naambiwa nisubiri, nisizime. Asilimia 30. Betri yenyewe inashika dakika ishirini na umeme wa pale ni wa kubahatisha. Nikaandika upya kwa mkono, na siku hiyohiyo msimamizi akatokea kunikagua. Alama zile ni zangu, si za kompyuta.

Mwanafunzi mwenzangu wa Sayansi ya Kompyuta ndiye aliyeniazima flashi yenye Linux Mint, toleo la Xfce. Uzuri wake, unaiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski. Nilikaa nayo hivyo jioni mbili ndipo nikafuta ule mwingine. Xfce ilianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, imenizidi umri, na haina makuu. Upau uko chini. Nikiutaka juu nauhamisha mwenyewe. Sasisho likija naarifiwa tu, nami nalisubirisha hadi nifike maktaba kwenye waifai ya chuo.

Si pepo, lakini. Jedwali la andalio nililotumiwa na wenzangu nikilifungua kwenye LibreOffice, safu zinatambaa. Kwa hiyo steshenari napeleka PDF, basi.

Kinachonisumbua kama mwalimu mtarajiwa ni kingine. Sekondari tulifundishwa kompyuta kwa "bonyeza kona ya chini kushoto". Menyu ni nini, hakuna aliyesema. Ndiyo maana kitufe kikihama mtu mzima na akili zake anasema, "Mimi kompyuta siziwezi." Tena kwa Kiingereza kigeni! Wakati mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu ile ni programu huria, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti.

Flashi nimeshatengeneza ya kwangu. Anayetaka kujaribu aje na chaja yake, na faili zake awe amezihamisha kwanza.