Spana Moja Haipo



Asubuhi hii nilikuwa gatini Mokowe nikisubiri boti, ndege ikapita juu ya mikoko kwenda kutua Manda. Nikanyamaza kuitazama. Wanaonijua wamezoea: pasta akisikia injini, mazungumzo yanakatika. Ugonjwa huu niliupata utotoni, miaka ya sabini, baba akija hapa kufuata mizigo, nami nikikodolea macho kisiwa cha Manda ng'ambo nikingoja ndege itue.

Ugonjwa huo ulinipeleka jeshini. Niliajiriwa kuwa fundi wa ndege baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, wakati Jeshi la Wanahewa lilikuwa limepokonywa jina la Kenya Air Force na kuitwa '82 Air Force. Nilipangiwa Buffalo, ndege iliyoundwa Kanada, yenye injini mbili, ya kubeba wanajeshi na mizigo, inayoweza kutua hata kwenye kiwanja kifupi cha udongo. Niliipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa maziwa.

Fundi wa ndege ni mtu wa kuhesabu. Kila spana ina mahali pake ubaoni, na umbo lake limechorwa kwa rangi. Kazi ikiisha, umbo moja likibaki tupu, ndege hairuki mpaka kifaa kipatikane. Spana iliyosahauliwa ndani inaweza kusogea ndege ikiwa angani na kukwamisha nyaya za kuiongoza.

Jioni moja umbo lilibaki tupu. Spana moja, ndogo tu. Ndege ilitakiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi ikiwa na wanajeshi, na wiki hiyo nilikuwa natarajia kupandishwa cheo. Nikajiambia labda mwenzangu ameiazima. Nikachukua spana yangu inayofanana nayo, nikaitundika, nikatia sahihi kwamba vifaa vyote vimerudi.

Wapendwa, nilikuwa nimeokoka! Jioni hiyo hiyo niliongoza sifa katika ushirika wetu kambini, nikaimba mpaka shati likalowa. Usiku nikapiga magoti nikamwomba Mungu ailinde ile ndege. Ndipo Mithali 28:13 ikanijia: afichaye makosa hafanikiwi, bali anayeungama na kuacha hupata rehema. Nikaelewa kwamba maombi yangu yalikuwa njia ya kukwepa kwenda kusema.

Saa tisa usiku nikagonga mlango wa sajenti wangu. Nikamweleza yote. Hakunitukana. Alivaa viatu, akasema, "Twende."

Tulitafuta mpaka kukapambazuka. Spana ilikuwa chini ya sakafu, haikufika shubiri moja kutoka kwenye nyaya. Ndege iliondoka saa nne. Wanajeshi walinung'unika kwa kucheleweshwa, nami nilifurahi kuyasikia manung'uniko yao. Walikuwa hai.

Cheo nilikikosa. Kwa miezi mingi kila kazi yangu ilikaguliwa na mtu mwingine kabla ndege haijaruka. Ilikuwa haki. Rehema haikuniondolea ukaguzi, ilinivusha. Mwaka 1994 jeshi letu liliporudishiwa jina lake, nilielewa furaha ile kuliko wengi: hata mimi sahihi yangu ilikuwa imeanza kuaminiwa tena.

Mpendwa, huenda unasoma haya na umbo lako liko tupu. Mkopo ambao mke wako haujui. Pesa za chama ulizozigusa. Umetundika kitu kinachofanana pale, watu wanaona ubao umejaa, na kila usiku unaomba ulinzi. Mungu anasikia. Lakini pengine jibu lake ni huo usingizi unaokukimbia.

Leo usianze na maombi marefu. Anza na mlango mmoja. Unajua ni wa nani. Nenda kabla ndege haijaruka.

Na kama unaogopa kwenda peke yako, njoo Mokowe unigongee, hata iwe saa tisa usiku. Nitavaa viatu.

Mbarikiwe sana. Amina.