Kutembelea Majumba ya Masultani

Mstaafu akipata fedha kidogo za kusafiri, watu hutazamia aende kuwaona watoto wake mjini au akatafute tiba. Safari ya kwenda kutazama majumba ya kale huhesabiwa kuwa anasa ya Wazungu. Mimi nimefundisha historia kwa miaka mingi nikiwa na chaki na ubao tu, na niliona ni haki yangu kuyaona kwa macho yale niliyoyasimulia. Basi mwaka 2018 mimi, mama watoto na mjukuu wetu wa kike aliyekuwa likizoni tulipanda basi Muheza hadi Dar es Salaam, na kesho yake tukavuka kwa boti kwenda Unguja.

Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa imefungwa. Tuliitazama kwa nje, nguzo zake ndefu na baraza zake zinazoelekea bahari. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili. Nashukuru tuliwahi kuiona imesimama.

Jirani yake tuliingia Beit al-Sahel. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 jumba hili liliitwa la Wananchi, na tangu 1994 ni makumbusho. Humo mna viti vya enzi, vitanda vya kuchongwa, na chumba cha Binti Salme, aliyezaliwa 1844 na kutoroka 1866, akaishia kuwa mke wa Mjerumani. Mama watoto alifurahishwa zaidi na makabati ya fomeka ya sultani, kama yale tuliyokuwa tukiyaona katika nyumba za maofisa wa serikali.

Tulipofika ghorofani mjukuu alinivuta mkono. "Babu, waliojenga nyumba hii picha zao ziko wapi?"

"Hawakupigwa picha, bibi yangu," nilimjibu.

"Hata majina?"

"Hata majina."

Ndugu msomaji, swali hilo kwetu halikuwa la kitoto. Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambaa, alipofariki mwaka 1862, Wakilindi waligombana wao kwa wao, kisha Wabondei wakaasi katika vita tunavyoviita Kiva. Katika ghasia hizo watu wengi wa Bonde walikamatwa na kuuzwa pwani, wakavushwa kwenda Pemba na Unguja kwenye mashamba ya karafuu. Katika ukoo wetu alipotea msichana mmoja, dada wa mzaa babu yangu. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Kilichobaki ni jina lake, ambalo kila kizazi hupewa mtoto mmoja wa kike. Mjukuu aliyeniuliza swali ndiye mwenye jina hilo leo.

Kutoka hapo tulikwenda Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo Wamisionari wa UMCA wakaanza kujenga kanisa kuu mahali palepale. Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa humo. Nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingoni wamevishwa minyororo ya kweli. Mjukuu alizihesabu, akanyamaza. Nami niliwaza kwamba Misheni ya Magila, iliyowafundisha wazee wetu kusoma na kuandika, ilianzishwa na UMCA hiyohiyo kutoka Unguja. Kisiwa kilichommeza shangazi yetu ndicho kilichotuletea shule. Mambo haya mawili nimeshindwa kuyapatanisha, na sioni sababu ya kujilazimisha.

Mwalimu mwenzangu aliyesoma Urusi zamani hizo alinisimulia kuwa huko nako jumba la wafalme katika mji wa Petro Mkuu, ulioanzishwa 1703, liligeuzwa makumbusho baada ya mapinduzi ya 1917. Watu hupanga foleni kutazama dhahabu. Mji ule nao ulijengwa na maelfu ya watu waliopelekwa kwa nguvu, na wengi walifia kazini.

Wapo wanaosema majumba ya namna hii yaachwe yaanguke, kwa kuwa ni kumbukumbu ya dhuluma. Siafikiani nao. Jumba likianguka, waliolijenga hupotea mara ya pili, maana jasho lao limo katika mawe yale. Tulipokwenda Maruhubi, jumba la Barghash lililoungua mwaka 1899, tulikuta nguzo tupu, na mtoto hakuuliza chochote.

Kwa hiyo nawashauri wastaafu wenzangu: mkiwa na uwezo, nendeni, na mwende na wajukuu. Tazameni viti vya enzi na msione haya kuvisifu, kwani fundi aliyevichonga anastahili sifa. Kisha waacheni watoto waulize, na majina mnayoyajua nyinyi wenyewe wapeni kabla hamjafa.