Kusoma Habari za Bahari Mbali na Pwani

Katika nchi za Ulaya, majani ya miti yanapopukutika na usiku kurefuka, wasomaji wengi hupenda hadithi za bahari zenye ukungu, upepo na simanzi. Sisi wa Chakol hatuna majira hayo. Tu karibu na ikweta, na usiku na mchana wetu hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini tuna mvua, nazo hutufungia ndani jioni huku mabati yakivuma juu ya vichwa vyetu. Huo ndio wakati wangu wa kusoma hadithi za bahari.

Jirani yangu mmoja, mzee wa busara, aliniuliza: "Mwanangu, bahari iko Mombasa, safari ya kilomita 900 na zaidi. Hadithi zake zakuhusu nini wewe uliyelelewa kwa wimbi na mihogo?" Swali hilo halikuwa la dhihaka, na lastahili jibu la heshima.

Jibu la kwanza li barabarani. Malori yapangayo foleni Malaba yakingoja kuingia Uganda hubeba makontena yaliyovuka bahari. Bahari hutupitia mlangoni kila siku, ila hupita imefungwa kwa kufuli.

Jibu la pili li vitabuni. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021, aliandika riwaya ya Kiingereza iitwayo By the Sea, iliyotoka mwaka 2001. Humo mzee Saleh Omar anawasili Uingereza mwezi wa Novemba kuomba hifadhi. Mzigoni mwake mna kijisanduku cha udi, na ofisa wa uhamiaji anakitwaa. Mwandishi hakuhitaji dhoruba wala jahazi kuzama ili atuhuzunishe. Udi ule ulitosha. Nani aishiye karibu na mpaka asiyejua maana ya kusimama mbele ya meza, mzigo umefunguliwa, na mtu mwingine akiamua kipi kibaki kuwa chako?

Yvonne Adhiambo Owuor, mwandishi wa Kenya, alitoa The Dragonfly Sea mwaka 2019. Katika kisiwa cha Pate, mtoto Ayaana hutazama maji akimngoja baba asiyemjua. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mjomba wangu alikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini kabla sijazaliwa. Hakurudi, wala hakuandika barua. Nyanya yangu hakuiona bahari maisha yake yote. Lakini kila basi liliposimama barabarani jioni, alikatiza maneno yake na kutega sikio mpaka abiria wote walipokwisha kushuka.

Hapo ndipo nilipopata la kumjibu mzee. Simanzi ya hadithi hizi haitoki katika maji, bali katika kungoja. Bahari humchukua mtu bila kuahidi kumrudisha. Na barabara nayo ni vivyo hivyo.

Basi, kijana msomaji, mvua ikikufungia ndani, usikiweke kando kitabu kwa kuwa mandhari yake ni ya ugenini. Uliza kwanza: ni nani humu anayengoja, na anamngoja nani? Huenda ukamkuta mtu wa nyumbani kwenu.