Kipindi Chetu cha Watu Watatu

Msomaji wangu, ukipita nyumbani kwangu Wundanyi usiku wa Alhamisi, baada ya saa tatu, utanikuta nimeketi sakafuni kati ya kabati la nguo na godoro lililosimamishwa ukutani, blanketi kichwani, na simu mbele yangu juu ya rundo la vitabu. Usidhani kwamba akili zimeniruka. Jirani yangu mmoja alidhani hivyo, akamwuliza mke wangu kwa sauti ya huruma kama nimeshikwa na homa. Homa sikuwa nayo. Nilikuwa katika kazi ambayo siku hizi huitwa podikasti, na kazi hiyo naifanya pamoja na wenzangu wawili, mmoja akiwa Lodwar na mwingine Lamu.

Neno hili si la kale. Lilichapwa mwaka 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza, mwandishi Ben Hammersley alipokuwa akitafuta jina la vipindi vya sauti ambavyo mtu huvichukua kwa intaneti akavisikiliza wakati autakao. Alitaja majina matatu kwa mpigo, kama mtu anayepapasa gizani, na moja ndilo lililoshika. Redio hukuambia: uwepo saa moja kamili au ukose. Podikasti hukungoja. Kwa mwanafunzi wa bweni, ambaye saa zake zimegawanywa na kengele na ambaye simu haishiki mpaka likizo, tofauti hiyo si ndogo.

Sisi watatu tulisoma chuo kimoja cha ualimu. Jioni tulikuwa na desturi ya kukaa chini ya mti mmoja tukibishana juu ya maana ya methali, na aghalabu ubishi wetu ulikatizwa na kengele ya chakula kabla haujapata mshindi. Tulipohitimu, kila mmoja alipelekwa upande wake wa nchi, na ubishi ukabaki pale chini ya mti. Mwaka 2021 dada yetu wa Lamu alituandikia akisema kwamba amechoka kubishana na ukuta. Hivyo ndivyo kipindi kilivyozaliwa: kila wiki methali moja, neno moja lenye utata, na swali moja la mwanafunzi.

Mfuko wetu ulikuwa shilingi 3,000, kila mtu shilingi 1,000. Tulinunua maikrofoni tatu ndogo za kubana kwenye kola, kila moja kwa shilingi 600, na shilingi 1,200 zilizosalia zikaenda kwa bando za intaneti. Vingine vyote tulikuwa navyo au tuliviazima. Programu ya kuhariri sauti iitwayo Audacity, ambayo ilitolewa kwa watu wote tangu mwaka 2000, haidai hata senti. Wako watakaokuambia kwamba pasipo chumba maalumu na vyombo vya maelfu ya shilingi huwezi kuanza. Wengi wa watu hao huuza vyombo.

Nakuungamia kwamba tulianza vibaya. Tulipigiana simu kwa intaneti, nami nikanasa mazungumzo yote kama yalivyofika kwangu. Niliposikiliza, sauti yangu ilikuwa safi, bali mwenzangu wa Lodwar alikuwa kama mtu anayesema akiwa ndani ya mtungi, na dada yetu alipotamka neno “methali” nilipata mwanzo na mwisho wake, katikati imezama baharini. Sababu yake si ngumu kufahamu. Simu za zamani zilipitisha mitetemo ya sauti iliyo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, na zilizobaki ziliachwa nje, ingawa sikio la kijana husikia hata mitetemo inayokaribia 20,000. Simu za intaneti hupitisha zaidi ya hapo, lakini mtandao ukidhoofika huibana sauti, na vipande vinavyopotea njiani havirudi. Programu hutia kiraka pale palipotoboka. Kiraka huweza kumtosha mtu anayeuliza bei ya samaki. Hakimtoshi mtu anayesikiliza ubishi wa dakika 40.

Dawa yake ni rahisi, nami nakuhimiza uijaribu likizo ijayo ikiwa una rafiki aliye mbali. Kila mtu ainase sauti yake mwenyewe kwa chombo chake, papo hapo alipo, kama wachungaji watatu ambao kila mmoja huhesabu mbuzi wake. Simu iwe ya kusikilizana tu. Hapana budi kila mmoja avae visikizi masikioni, maana asipovivaa, sauti za wenzake zitamtoka simuni zikaingia katika maikrofoni yake, na kila neno litasikika mara mbili. Mwishoni sauti tatu hutumwa kwa mmoja, naye huzipanga pamoja. Kwetu mmoja huyo ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kipakatalishi, kizee cha kipakatalishi ambacho husimama kufikiri kila ninapokiamuru.

Utauliza: sauti tatu zilizonaswa mahali patatu hupatanishwaje? Kwa kofi. Kabla ya kuanza, mmoja huhesabu moja, mbili, tatu, nasi sote hupiga kofi. Katika Audacity sauti huonekana kama safu ya vilima, na kofi husimama miongoni mwake kama mnazi katika uwanda. Huvuta mistari mitatu mpaka minazi ikae sawa. Kofi si kipimo kamili, kwani hesabu yenyewe hufika Lodwar ikiwa imechelewa kidogo. Hutupatia mahali pa kuanzia, na sikio humaliza kazi.

Hata hivyo mistari iliyopatana mwanzoni huweza kufarakana mwishoni. Jambo hili lilinitesa majuma mawili. Saa zilizomo ndani ya simu haziendi sawasawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 tu katika milioni huonekana si kitu, lakini baada ya dakika 40 hufikia sehemu 12 za mia za sekunde. Ndipo dada yetu akaanza kucheka kabla ya mzaha haujakwisha, nami nikamlaumu bure kwa kuwa na haraka. Sasa nakata mahali penye kimya, katikati ya kipindi, nasogeza mstari kidogo, na kicheko hurudi mahali pake.

Uzito wa faili nao ulitutoa jasho. Sauti isiyobanwa hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huchukua baiti mbili. Zidisha mwenyewe: dakika 40 ni zaidi ya megabaiti 211 kwa mtu mmoja. Kuzituma kutoka Lodwar kungekula bando la wiki nzima. Kwa hiyo wenzangu hubana sauti zao kabla ya kutuma, kwa kiasi cha kilobiti 128 kwa sekunde, zikawa megabaiti 38 na kitu. Nami nikimaliza huibana kazi nzima kwa kilobiti 64, ikawa kama megabaiti 19, ambazo msikilizaji huweza kuzimudu. Sauti ya mtu asemaye haihitaji zaidi ya hapo. Muziki ungelalamika.

Juu ya kelele nitasema machache. Kwangu ni mvua juu ya mabati, ikinyesha, tunaahirisha. Lodwar ni upepo. Lamu ni punda, ambao hawana ratiba, na injini za mashua. Tulichagua saa tatu usiku kwa kuwa sala ya isha imekwisha na mji umetulia, isipokuwa punda. Godoro na blanketi hunywa mwangwi ambao kuta tupu huurudisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwenzangu wa Lodwar ana kigugumizi tangu utotoni. Chini ya ule mti wa chuoni tulimzoea: tulingoja, naye alifika, na mara nyingi hoja yake ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zetu. Katika kipindi cha tisa alisema kwa muda mrefu juu ya methali za Waturkana, na kigugumizi kilimshika sana usiku ule. Nilipoiweka sauti yake mbele yangu, niliviona vilima vidogo vidogo vinavyorudiarudia, kisha mabonde marefu ya kimya. Nikachukua mkasi. Sikumwuliza. Nilikata mrudio mmoja, nikakata wa pili, na kwa kuwa kila nilipokata maungio hayakusikika, nilianza kuionea fahari kazi ya mikono yangu. Nilikesha mpaka saa nane. Kipindi kilichokuwa dakika 40 kikawa dakika 31, na rafiki yetu akasema kama maji yateremkayo mlimani. Watu walitusifu. Kisha, ili nipate nafasi katika kipakatalishi, nikafuta sauti ya asili.

Siku ya nne alinipigia.

“Ndugu yangu,” aliniambia, “nimekisikia kipindi.”

Nikangoja shukrani.

“Darasani kwangu, kidato cha pili, yumo kijana mwenye kigugumizi kama mimi. Nilikipiga kipindi wakisikilize. Baada ya somo akanifuata nje. Akaniuliza, mwalimu, ulipona lini, na dawa ni gani? Nimjibu nini? Kwamba dawa ni mkasi wako?”

Nilijitetea, msomaji wangu, wala sioni haya kukuambia jinsi nilivyojitetea. Nilimwambia kwamba mimi pia hujikata: nina desturi ya kusema “eeh” kila baada ya maneno matatu, na “eeh” zote hizo nazitupa. Nilimwambia kwamba dada yetu hukohoa, na kikohozi chake hukitupa vilevile. Kuhariri ndiko huko, nilisema. Hakuna mtu asikilizwaye vile alivyosema.

“Wewe ulijikata mwenyewe,” alisema. “Mimi nilikatwa.”

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia nitarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kisha nikakumbuka kwamba sina cha kurudisha. Nikamwuliza kama yeye anayo nakala yake. Naye alikuwa ameifuta baada ya kunitumia, kwa kuwa simu yake ilikuwa imejaa. Maneno yale juu ya methali za nyumbani kwake, kama yeye alivyoyatamka, hayapo tena popote.

Alhamisi mbili zilipita bila kipindi. Ya tatu dada yetu alitupigia sote wawili kwa pamoja, hakuuliza nani ana makosa, akahesabu moja, mbili, tatu. Tukapiga kofi. Mwenzetu wa Lodwar alianza yeye, akawaeleza wasikilizaji jinsi nilivyomkata na kile alichoulizwa na kijana yule. Katika neno moja alikwama kwa sekunde kumi na moja. Nazijua kwa sababu zimeandikwa mbele yangu kwenye kioo. Kwa kawaida, mmoja anaposema, mistari ya wengine huifunga ili kelele zao zisiingie. Safari hii niliiacha wazi. Katika sekunde zile kumi na moja husikia upepo wa Lodwar, husikia mimi nikivuta pumzi, na mwishoni kabisa punda mmoja wa Lamu.

Tangu siku hiyo sikati neno la mtu kabla mwenyewe hajanipa ruhusa, wala sifuti sauti ya asili. Nimenunua kijiti cha kuhifadhi faili, na mfuko wetu umepungua kwa hesabu hiyo. Kazi imekuwa ndefu zaidi. Wako wasikilizaji waliotuandikia kwamba vipindi vimerefuka, na wawili wametuaga.

Juma lililopita nilipokea faili kutoka Lodwar, dakika mbili na nusu. Ni swali la kijana yule, amelisema kwa sauti yake kwenye simu ya mwalimu wake, na chini yake mwalimu ameandika kwamba mwenyewe amesikiliza, akasema liende lilivyo. Anauliza kwa nini methali nyingi husifu kimya. Hatujakubaliana jibu. Dada yetu anasema methali hazikisifu kabisa, na ameahidi kuthibitisha. Tutaligawanya Alhamisi hii, mvua isiponyesha.