Filamu 140 kwa Ijumaa Sita

Katika hosteli yetu hapa Kampala tuko wanafunzi 14 tunaochanga fedha kila muhula ili tutazame filamu pamoja kwa Ijumaa sita. Muhula uliopita filamu zilichaguliwa kwa kelele, mwenye sauti kubwa akashinda. Wenzetu watatu waliacha kuja baada ya Ijumaa ya pili, ingawa walikuwa wameshatoa mchango, na muhula huu wakagoma kuchanga. Kwa hiyo nilimwomba kila mtu aniandikie filamu kumi anazozipenda kuliko zote, nikaanza kutafuta programu ya kompyuta ya kuzipanga na kuzichambua.

Ya kwanza kupendekezwa ilikuwa Letterboxd, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2011. Siwezi kuisema vibaya. Picha za filamu hujitokeza zenyewe na orodha hupendeza macho. Lakini inataka kila mtu ajisajili na awe na intaneti, na bando la mwanafunzi mnalijua. Tena dada mmoja aliniambia wazi kwamba orodha yake ameiandika kwa ajili ya marafiki, si kwa dunia nzima. Kaka yake akiona anachotazama, nyumbani patakuwa na maneno. Kwangu hoja hiyo ilimaliza mjadala wa programu zote za mtandaoni, pamoja na lahajedwali la Google, ambalo lina shida yake nyingine: mtu huona alichoandika mwenzake kabla hajaandika chake, na jicho huteleza kama katika chumba cha mtihani.

Rafiki anayesomea kompyuta alitaka nitengeneze hifadhidata kamili. Kwa orodha 14, huko ni kujenga ghala la kuwekea debe moja la mahindi. Tena nikisafiri, nani ataifungua? Nikachagua Calc, lahajedwali la LibreOffice. Ni la bure, halihitaji intaneti, na faili lake linaweza kuhifadhiwa kwa namna ambayo mwenye Excel ataifungua pia.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mpangilio una uzito kuliko jina la programu. Wengi hupenda kumpa kila rafiki safu yake na kushusha filamu zake kumi chini ya jina. Inapendeza, lakini ukitaka kujua nani anafanana na nani, utahesabu kwa vidole. Mimi nilitumia mstari mmoja kwa kila filamu iliyotajwa: jina la rafiki, filamu, nafasi aliyoipa, mwaka, na mahali alipoiona mara ya kwanza. Ilikuwa mistari 140, haina sura, lakini kompyuta huisoma bila taabu na kuihesabu upande wowote utakao.

Safu ile ya mwisho ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Wengi waliandika "kibanda", maana Waganda nasi tuna neno hilo kwa kumbi ndogo za video, ambako VJ hueleza filamu kwa Kiganda huku ikiendelea. Wawili waliandika jina la VJ Jingo kando ya filamu za Marekani, kwa kuwa kwao filamu ile bila sauti yake ni filamu nyingine. Nikaongeza safu ya sauti. Mwingine hakukumbuka jina kabisa: "Ile ya Schwarzenegger anayebeba gogo begani." Hiyo ni Commando ya 1985. Ili majina yasigongane, kila filamu niliiandikia namba yake ya IMDb, ile inayoanza na herufi tt, na hapo "Sarafina" na "Sarafina!" zikawa kitu kimoja. Zilibaki filamu 91.

Sasa kuhesabu. Jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wahakiki kila miaka kumi tangu 1952; kila mmoja hutaja kumi, na kila filamu hupata kura moja bila kujali nafasi. Nilipofanya hivyo, Titanic iliongoza kwa watu sita. Kisha nikajaribu njia ya Borda, Mfaransa wa karne ya 18: wa kwanza pointi kumi, wa kumi pointi moja. Commando ikapanda juu ya Titanic, maana wanaoipenda wanaipenda kwelikweli. Lakini katika hesabu zote mbili, watu watatu hawakuwa na filamu hata moja kati ya sita za juu. Walikuwa wale wale walioacha kuja.

Basi nikahesabu kwa namna ya tatu. Nilichukua Titanic, nikawachuja wale sita waliokwisha kupata chao, nikatazama wanane waliosalia. Sarafina! ya 1992 ilipata watatu kati yao. Commando ikapata wawili. Watatu wa mwisho hawakushirikiana lolote hata wao kwa wao, kwa hiyo kila mmoja alipewa ile aliyoiweka juu: Kuch Kuch Hota Hai kwa dada mmoja, The Guns of Navarone ya 1961 kwa mwalimu mtu mzima aliyerudi masomoni, na Kirikou et la Sorcière, katuni ya mwaka 1998, kwa mwenzetu Mrundi.

Bwana mmoja alilalamika kuwa filamu ya mtu mmoja imeiondoa filamu ya watu wanne. Nilimfungulia jedwali, nikamwonyesha kwamba hao wanne wote, yeye akiwemo, wana Ijumaa yao tayari. Akanyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika.

Michango ya wale watatu ilitimia jioni hiyo hiyo. Mrundi yule aliuliza jambo moja tu: kwa kuwa Kirikou anayo kwa Kifaransa, je, anaweza kusimama mbele na kuwa VJ, atueleze kwa Kiswahili? Ijumaa ya nne ni yake. Ameshaanza kufanya mazoezi bafuni.